Mtungi Uliopitwa na Tarehe: Kubadilisha, Kupimisha au Kununua Mpya?

Mtungi wa gesi una vitu vya aina mbili vinavyozeeka, na kila kimoja kina mwenyewe. Chuma na valvu yake ni mzigo wa kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni. Mpira, regulita, bana na jiko ni mzigo wako. Lakini ukikaa asubuhi moja kwa wakala yeyote wa Mazwi au Chanji, hapa Sumbawanga, utasikia wateja wakiulizia chuma tu: mtungi wangu umechakaa, umepitwa na tarehe, nitalipa nini? Jibu langu ni fupi. Kwa chuma usilipe chochote zaidi ya bei ya gesi. Hela ya matengenezo ipeleke kwenye mpira.

Tuanze na hiyo tarehe, maana wengi hawajawahi kuiona. Tazama ule mkanda wa chuma unaozunguka valvu, ambao ndio mkono wa kubebea. Futa vumbi na mafuta kwa kitambaa. Utakuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: jina la kiwanda, namba ya mtungi, ujazo wa lita, uzito wa mtungi mtupu, shinikizo la kupimia, kisha mwezi na mwaka. Mitungi iliyopakwa rangi mara nyingi ni migumu kusoma, 8 na 3 zinafanana. Pitisha ukucha, kidole kitaona kabla ya jicho. Ukikuta tarehe mbili, ya pili ndiyo ya kupimwa upya.

Nchi nyingi hupima upya mitungi ya chuma kila baada ya miaka 10 au karibu na hapo. Marekani mtungi wa propani hupewa miaka 12 ya kwanza, kisha ukikaguliwa kwa macho na kugongwa herufi E unaongezewa miaka 5. India huandika robo ya mwaka kwa herufi, A hadi D, na kufuatisha mwaka. Huko ndiko ilikotoka ile meseji ya WhatsApp inayosema mtungi ulioandikwa B-27 ukivuka Juni 2027 ni bomu. Alama hiyo ni ya India. Kuitafuta kwenye mtungi wa Oryx au Taifa Gas ulioununua Sumbawanga ni kujitafutia presha.

Tena tarehe ikipita, gesi haichachi wala mtungi haupasuki usiku huo. Ni siku ambayo mtungi ulipaswa uwe umerudi kwenye mitambo ya kampuni. Huko hutolewa gesi yote, hufunguliwa valvu, hukaguliwa ndani na nje kama una kutu au umebonyea. Ukihitaji kupimwa kwa shinikizo, hujazwa maji na kusukumwa hadi kama bar 30, mara kadhaa ya mzigo unaobeba jikoni. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kama hewa: mtungi ukipasuka, fundi analowa na kazi inaendelea. Ukifaulu hufungwa valvu, hupakwa rangi na kugongwa tarehe mpya. Ukishindwa hukatwa vipande.

Kazi hiyo ni ya mwenye chapa. Chini ya usimamizi wa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, anayejaza na kuuza gesi kwa jina lake ndiye anayepaswa kuhakikisha mitungi yenye jina hilo ni salama, na mtambo wa kujazia ndio unaopaswa kuutenga mtungi mbovu kabla haujajazwa. Wewe mteja huna mahali pa kuupeleka ukapimwe, na huhitaji. Mtungi wako mchakavu unaupeleka kwa wakala ukiwa mtupu, unaondoka na mwingine uliojaa, na ule wa kwanza unapanda lori kurudi kwa mwenyewe.

Wenzetu wa Kenya waliwahi kujaribu njia nyingine. Mwaka 2009 walisawazisha valvu za mitungi midogo na kulazimisha kampuni zipokeane mitungi mitupu, mteja abadilishe chapa yoyote kwa chapa yoyote. Mteja alifurahi. Lakini kampuni zikajiuliza: nigharamie ya nini mtungi ambao kesho utakuwa ghalani kwa mshindani wangu? Wajazaji wa uchochoroni nao wakapata mitungi ya kila rangi bila kuulizwa. Kanuni za mwaka 2019 zikafunga mlango huo, na sasa kujaza mtungi wa chapa ya mtu kunahitaji idhini yake. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kwetu mtungi unakufunga na kampuni moja ana hoja, lakini kifungo hicho ndicho kinachofanya uzee wa chuma usiwe deni lako.

Sasa tuje kwenye shilingi. Bei za gesi hupanda na kushuka na meli, na huku Ufipa, nyanda hizi za Sumbawanga, kuna nauli ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma. Kwa hiyo namba ninazotumia hapa zichukue kama mfano wa hesabu, weka za wakala wako. Tuseme gesi ya kilo 6 ni Sh25,000 na ya kilo 15 ni Sh60,000. Tuseme mtungi wa kilo 6 pamoja na gesi, bana na kikalio cha sufuria ni Sh50,000, na wa kilo 15 pamoja na gesi, jiko la plate mbili, regulita na mpira ni Sh160,000.

Mwenye mtungi mchakavu wa kilo 6 wa chapa iliyopo mjini anabadilisha kwa Sh25,000 na habari imekwisha. Hapa pana haki moja ambayo watu huiacha mezani: unaruhusiwa kuukataa mtungi unaopewa. Ugeuze, uangalie pete ya chini. Kutu mbaya huanzia hapo, mahali palipokaa kwenye sakafu yenye unyevu, wala si ubavuni panapoonekana. Ukikuta chuma kinabanduka magamba, au pamebonyea kwenye mshono wa kuchomelea, mwambie, “Dada, nipe mwingine.” Wakala mzuri hashangai.

Mwenye mtungi wa chapa ambayo haipatikani tena mjini ana kazi kidogo. Kwanza aulize kama kampuni ilibadili jina. Mihan Gas, kwa mfano, ndiyo iliyogeuka Taifa Gas, na mitungi yenye jina la zamani ina mrithi. Kama mrithi hayupo, wapo mawakala wanaopokea mtungi wa chapa ngeni kwa nyongeza ya hela, wanauweka kando mpaka atokee anayeutaka. Nyongeza hiyo ina kikomo cha akili. Kwenye mfano wetu, vifaa vya kilo 6 ukitoa gesi ni Sh25,000. Wakala akidai Sh15,000 kupokea mtungi wako, bado umeokoa 10,000. Akidai 25,000 au zaidi, nunua mpya na ubaki na bana ya zamani kama akiba.

Ndiyo maana nasema uchaguzi wa chapa Sumbawanga usifanywe kwa rangi wala kwa tangazo la redio. Chagua ile ambayo gari lake unaliona likishusha mitungi mara kwa mara. Mtungi mtupu wa chapa adimu unasubiri lori la kurudi, na wakati unasubiri, wewe unapika kwa mkaa huku mtungi ukiwa uani.

Kuna njia mbili za bei rahisi ambazo sizipendekezi kwa mtu yeyote. Ya kwanza ni kumiminiwa gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, nyuma ya duka. Ni kosa kisheria, na hata kwa hesabu tu haina faida: hakuna anayekagua mtungi, hakuna sili, na kipimo ni neno la muuzaji. Mtungi unapaswa kubaki na nafasi juu ili gesi iliyo kimiminika ipate pa kutanukia joto likipanda. Anayemimina kwa kukisia anaweza kuujaza hadi kooni. Ya pili ni kumpelekea fundi wa kuchomelea mtungi wenye tundu au pete iliyooza. Ufipa ni nchi ya wafua chuma, malungu ya wazee ya kuyeyushia chuma yalisimama marefu kuliko mtu, na mafundi wa leo hawana ubaya. Lakini mtungi hupitishwa kwenye joto maalumu kiwandani baada ya kuchomelewa ili mshono usiwe dhaifu, na kiraka cha gereji kinaiharibu kazi hiyo. Halafu mtungi unaoitwa mtupu bado una mvuke wa gesi ndani.

Kwa walio vijijini ipo njia ya ruzuku. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, wa miaka kumi hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Chini ya mwamvuli huo REA, wakala wa nishati vijijini, imekuwa ikiwezesha mitungi ya kilo 6 kuuzwa kwa nusu bei, mnunuzi akija na kitambulisho cha NIDA. Ukiipata fursa hiyo, ichukue. Ila ruzuku iko kwenye mtungi wa kwanza. Gesi ya pili unanunua kama jirani yako wa mjini, na kama kijiji hakina wakala, juu yake weka nauli.

Na nauli ndiyo inayoamua swali la mtungi mdogo au mkubwa, kuliko bei ya gesi yenyewe. Familia inayotumia kilo 6 kwa mwezi inakula kilo 72 kwa mwaka. Kwa mitungi midogo ni Sh300,000, kwa mikubwa ni Sh288,000. Tofauti ni 12,000 tu. Vifaa vya mkubwa vimezidi vya mdogo kwa Sh75,000, kwa hiyo ukitegemea bei ya gesi peke yake utasubiri miaka sita na zaidi kurudisha hela yako. Weka bodaboda ya Sh2,000 kwenda na kurudi: mdogo unabadilishwa mara 12, mkubwa chini ya mara 5. Sasa unaokoa kama 26,400 kwa mwaka na hela inarudi ndani ya miaka mitatu. Kwa mtu wa kijiji cha bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ambaye safari moja ya kupandisha mtungi na kuurudisha inamgharimu Sh10,000, mkubwa unajilipa kabla mwaka haujaisha.

Ila kuna jibu la tatu ambalo wauzaji hawalisemi sana: mitungi miwili ya kilo 6. Wa pili unaongeza Sh25,000 za vifaa badala ya 75,000. Ukisubiri yote iishe ndipo uipeleke pamoja, safari zinakuwa 6 kwa mwaka, na yule wa bondeni ameokoa 60,000 za nauli. Vifaa vimelipwa ndani ya miezi mitano. Au peleka wa kwanza ukiisha tu: nauli huiokoi, lakini gesi haikukatikii ugali ukiwa jikoni, na lori likichelewa una mwezi mzima wa kusubiri bila wasiwasi. Kwa nyumba ya watu wanne au watano mimi ningeshika njia hii. Kwa nyumba ya watu wanane, au mama lishe, hapana: sufuria kubwa ya maharage juu ya bana iliyokalia mtungi mdogo ni hatari, mwiko mmoja wa ugali wa nguvu unatosha kuiangusha. Hapo nunua mkubwa wenye jiko lililokaa mbali nao.

Maharage yenyewe yana habari yake. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Ukiongeza moto hayapandi zaidi, yanakauka tu, na maharage yanachelewa kuiva. Kwa hiyo yale makadirio ya Dar es Salaam kwamba mtungi wa kilo 6 unafika mwezi yasikudanganye kama mboga yako ya kila siku ni maharage ya Ufipa. Loweka usiku kucha, na kama unaweza pata sufuria ya presha. Ndani yake maji yanavuka hata nyuzi 100, na akiba ya gesi utakayoipata ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya bei kati ya chapa na chapa.

Baridi nayo inakula hela kimyakimya. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inaishia karibu na sifuri yenyewe. Unapopika, propani hutangulia kutoka, na kadiri kimiminika kinavyogeuka mvuke mtungi unajipoza. Utaukuta una umande upande wa chini hadi pale gesi ilipofika. Asubuhi ya Julai, butani iliyobaki mwishoni inasukuma kwa unyonge, moto unakuwa mdogo na wa uvivu. Mtu anasema imeisha, anabeba mtungi kwa wakala. Kumbe ndani mna gesi aliyoilipia, na anairudisha bure.

Dawa ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mkanda, wengine huuita tara. Mtungi wa kilo 6 wenye tara ya kilo 7.4 ukijaa unapaswa kusoma 13.4. Ukisoma 12.9 umepungukiwa nusu kilo, sawa na Sh2,083 kwa bei tuliyochukua. EWURA na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakisisitiza kwamba muuzaji wa gesi awe na mizani dukani, kwa hiyo kuomba mtungi upimwe si ukorofi. Pima unapochukua, na pima kabla ya kurudisha. Kama bado upo juu ya tara na moto umelegea, usimamishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yale unayoweza kuogea mtoto. Si maji ya kuchemka, na usithubutu kuusogezea karai la makaa. Wala usiulaze ubavu ili “imalizike”, maana kimiminika kikiingia kwenye bana moto unaruka.

Nimesema hela ya matengenezo ni ya mpira. Mpira wa gesi huuzwa kwa mita, na wa kweli umeandikwa kuwa ni wa gesi, pamoja na tarehe. Mpira wa maji wa rangi ya machungwa kutoka duka la vifaa vya ujenzi si mbadala. Ukunje kwa vidole karibu na regulita: ukiona nyufa ndogo, au umekauka na kuwa mgumu, kata shauri leo. Mpira mpya na klipu mbili ni hela ndogo ukilinganisha na gesi ya mtungi mkubwa unayoiweka nyuma yake. Panya wa ghala la mahindi nao wanaupenda, na hilo nyumba nyingi za Ufipa zinalijua. Kwenye mtungi mdogo usio na mpira, kinachochoka ni ile oringi ndogo inayokaa kati ya valvu na bana. Iguse kila unapobadilisha. Kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio, fungua gesi, utazame mapovu. Njiti ya kiberiti si kipimo.

Wapo wasafiri ambao hesabu yao ni tofauti. Madereva wa malori wanaosubiri foleni ya mpakani Tunduma hupika pembeni ya trela kwa mtungi mdogo wenye bana juu, na kwao kilo 6 inatosha safari ndefu. Shida yao kubwa ni mahali pa kuuweka: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni na kukaa, kwa hiyo mtungi usilale na dereva kwenye kabini. Ufungwe wima nje, kwenye sanduku lenye matundu chini.

Halafu kuna watalii wanaopita na magari yao ya kulala, wakitoka Mbeya kuelekea Katavi na Kigoma. Wengine hubeba mitungi ya kwao, na Mmarekani mwenye mtungi wa ratili 20, yaani kama kilo 9, huja na hofu ya ile miaka 12. Sumbawanga hakuna wa kumgongea herufi E, na hata tarehe ikiwa nzuri, mtungi wake hauna wa kubadilishana naye. Asipoteze siku akitafuta kiunganishi sokoni wala asikubali kumiminiwa. Anunue mtungi wa kilo 6 wa hapa pamoja na bana kwa hizo 50,000 za mfano wetu, apike nje ya gari, na ule wa kwao aufunge tu mpaka afike kunakojazwa. Anayevuka Kasesya kwenda Mbala asitegemee kuubadilisha mtungi wa Tanzania upande wa Zambia. Auuze Matai kabla ya mpaka. Mtungi mzima wenye bana hauchukui muda kupata mteja.